Freckleton: Kiwanja cha michezo kilichojengwa na wafiwa

KATIKA kijiji cha Freckleton, kaskazini magharibi mwa England, kuna kiwanja cha michezo ya watoto. Mgeni anaweza kukipita akidhani ni cha kawaida, mpaka asome maandishi kwenye jiwe lililopo hapo.

Jirani na kijiji upo uwanja wa ndege wa Warton. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, jeshi la Marekani liliutumia kukarabati na kujaribu maelfu ya ndege za kivita. Wanakijiji walizizoea kelele za injini, na wanajeshi wakawa majirani zao.

Asubuhi ya Agosti 23, 1944, ndege mbili za mabomu aina ya B-24 Liberator ziliruka kwa majaribio. Muda mfupi baadaye mvua kubwa ya radi ikafunga anga, zikaamriwa kurudi. Moja ilielekea kaskazini kukwepa dhoruba, ikasalimika. Nyingine ilianguka katikati ya Freckleton, karibu saa 5 kasorobo. Sehemu yake iligonga shule ya Holy Trinity, upande wa watoto wadogo kabisa. Mafuta yakasambaa, moto ukawaka.

Walikufa watu 61. Kati yao 38 walikuwa wanafunzi, wengi wakiwa na umri wa kati ya miaka minne na sita. Walimu wao wawili walifariki pia, pamoja na wanajeshi watatu waliokuwa ndani ya ndege. Wengine walikuwa kwenye mgahawa mdogo ulioteketea.

Siku tatu baadaye, wanajeshi wa Marekani walibeba majeneza ya watoto hadi makaburi ya kanisa la kijiji, ambako wengi wao walizikwa katika kaburi la pamoja.

Uchunguzi haukuthibitisha chanzo hasa, lakini ulipendekeza marubani kutoka Marekani waelezwe hatari ya dhoruba za Uingereza, ambazo wengi walizichukulia kama manyunyu tu.

Wanajeshi hao hawakuishia kwenye mazishi. Walijenga kiwanja kile cha michezo kwa ajili ya watoto waliobaki, kikafunguliwa Agosti 1945. Kwenye jiwe walijitaja kuwa majirani, na msiba wakauita wa wote.

Hata hivyo, kwa miaka mingi familia nyingi kijijini hazikulizungumzia jambo hilo. Watoto walionusurika walikua wakibeba kumbukumbu zao kimyakimya.

Ukimya huo si mgeni katika nyumba zetu. Msiba unapotokea, mtoto huambiwa akacheze nje, au kwamba aliyefariki "amesafiri" au "amelala". Mtoto mdogo hulichukua neno kama lilivyo: anaweza kumsubiri msafiri arudi, au akaogopa kulala.

Mwambie mtoto ukweli kwa maneno mafupi: amefariki, mwili wake haufanyi kazi tena, hatarudi. Mwache aulize, hata akirudia swali lilelile. Usimfiche machozi yako. Kama wiki zinapita halali, hali vizuri au ameacha kucheza, mpeleke kituo cha afya.

Na akitaka kucheza leo, mwache acheze. Kucheza hakumaanishi amesahau. Wale wanajeshi wa Warton walilijua hilo.