Sakafu ya Nyumba ya Kupita

Wako wanaodhani kwamba kila anayekaa Marekani anakaa katika ghorofa la vioo. Ukweli ni kwamba mamilioni ya watu wa nchi hiyo wanaishi katika nyumba zilizoundwa kiwandani, zikajengwa juu ya fremu ya chuma, kisha zikavutwa na lori barabarani mpaka pale zinapokaa. Magurudumu huondolewa, fremu hubaki maisha. Tangu tarehe 15 Juni, 1976, nyumba hizi huundwa kwa kufuata sheria moja ya serikali kuu. Yetu ni ya mwaka 1988, nasi tuliinunua katika jimbo la North Carolina baada ya wengine kuikalia miaka mingi. Nyumba ni yetu. Ardhi iliyo chini yake si yetu. Tunailipia kodi kila mwezi.

Namwomba msomaji asiisahau sentensi hiyo ya mwisho.

Nyumba ya namna hii haina msingi kama tunaoujua sisi, wa mtaro uliochimbwa na kujazwa mawe na zege. Inakaa juu ya nguzo fupi za matofali ya saruji yaliyopangwa moja juu ya jingine, na kati ya tofali la juu na mhimili wa chuma hupigwa kabari za mbao. Pembeni huzungushiwa kuta nyepesi ambazo wenyeji huziita sketi, na kwa kweli kazi yake ni kustiri. Nguzo moja ikididimia, sakafu huifuata. Mlango hugoma kufunga, mpira wa mtoto hujiviringisha wenyewe kuelekea jikoni, na kila hatua hutoa mlio.

Mama yangu alikuja kwetu kutoka Tanga mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 73. Daktari alikuwa amemwagiza anywe maji mengi kwa sababu ya vijiwe vya figo. Mke wangu ndiye aliyeng'amua kwamba Mama haonji hata tone baada ya sala ya magharibi. Alipomwuliza, Mama alizunguka kwanza, halafu akasema: "Mwanangu, nikinywa maji nitaamka usiku. Nikiamka, sakafu italia. Nanyi mnaondoka alfajiri kwenda kazini. Na pale mlangoni pa choo panabonyea, naogopa mguu usije ukazama."

Mtu mzima alikuwa akikaa na kiu usiku kucha ili asitusumbue. Tangu siku hiyo mlio wa sakafu haukuwa tena jambo dogo kwangu.

Nilipotangaza kwamba nitaitengeneza, baadhi ya wenzangu walinicheka. Mzee mmoja tuliyemheshimu alinikalisha chini akaniuliza: "Pesa hizo ni mifuko mingapi ya saruji huko kwetu?" Swali lake halikuwa la kijinga. Wengi wetu ughaibuni tuna nyumba mbili. Moja tunaijenga nyumbani, ina vigae na madirisha ya vioo, na hakuna anayelala ndani yake isipokuwa mlinzi. Nyingine tunailala kila siku, nayo hatuipigi hata msumari, kwa kuwa tumejiambia kwamba tunapita tu. Mwaka 2019 nilikuwa nimepita hapo kwa miaka 14. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu ilikuwa imekwisha zamani.

Kazi ilianza majira ya kuchipua, kwa msaada wa jirani, mzee wa Kimarekani aliyekuwa ametengeneza sakafu nyingi za jinsi hiyo. Fundisho lake la kwanza lilikuwa kwamba sakafu haitengenezwi kuanzia juu. Tuliondoa kipande cha sketi tukaingia uvunguni kwa tumbo, na taa mkononi. Ilibidi kupima, nami nikakumbuka mafundi waashi wa kwetu na mpira wao wa maji. Nilinunua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, nikautia maji, tukashika kila mtu ncha yake. Maji hayana upendeleo; usawa wa huku ndio usawa wa kule. Nguzo nne za upande wa choo zilikuwa zimeshuka, mojawapo karibu sentimita 3.

Hapo ningechukua jeki mara moja. Jirani akanizuia akauliza: "Kwa nini zimeshuka hizi, na zile hazikushuka?" Tukatoka nje kutazama. Mfereji wa paa ulikuwa ukimwaga maji yote ya mvua pembeni mwa upande huo huo. Udongo wa huko ni mwekundu wa mfinyanzi: ukilowa huvimba na kulainika, ukikauka husinyaa. Basi kazi ya kwanza ya kutengeneza sakafu ilikuwa kurefusha bomba la mfereji na kuchonga ardhi ili maji yakimbie mbali na nyumba. Laiti tungeinua nyumba kabla ya hapo, baada ya masika mawili ingerudi ilikokuwa.

Jeki huwekwa juu ya ubao mnene ili isizame, na huinua mhimili wa chuma, si boriti za mbao. Tena huinuliwa kidogo kidogo, milimita chache, kisha watu hupumzika na kukagua milango na madirisha. Ukiharakisha, kuta hupasuka na vioo huvunjika. Wala mtu haingii chini ya mzigo ulioshikwa na jeki peke yake. Magogo ya kuuzuia hupangwa kwanza. Ilituchukua siku za mapumziko za majuma matatu. Nguzo zikasimikwa upya, kabari mpya za mbao ngumu zikapigwa mbilimbili, moja ikiielekea nyingine.

Ndipo tukapanda juu. Chini ya zulia, mlangoni pa choo, tulikuta kile ambacho mguu wa Mama ulikuwa umekijua. Sakafu za nyumba nyingi za miaka ile ni mbao za pumba zilizogandishwa kwa gundi, na mbao hizo zikinywa maji huvimba na kuwa laini kama mkate uliochovywa katika chai. Tulifunga bomba lililokuwa likivuja, tukakata palipooza mpaka katikati ya boriti, tukaongeza vipande vya mbao vya kushikilia kingo, tukafunika kwa plaiwudi, kwa gundi na skrubu. Ule mlio wenyewe nao una sababu nyepesi: msumari uliolegea hupanda na kushuka katika tundu lake kila mtu anapokanyaga. Skrubu hushika mahali msumari ulipoachia. Tulipita ukumbi mzima, boriti moja baada ya nyingine.

Usiku uliofuata niliamka nikaona taa ya choo inawaka. Sikuwa nimesikia kitu. Asubuhi, juu ya meza iliyo karibu na kitanda cha Mama, palikuwa na bilauri tupu.

Mama alirudi Tanga mwaka uliofuata. Ardhi bado si yetu, na mwenyewe akitaka kuiuza ataiuza. Yule mzee hakukosea katika hesabu yake ya saruji. Ila katika hesabu ile hapakuwa na mahali pa kuandika kiu ya mama mtu mzima, wala usingizi wa watoto, wala miaka ambayo mtu huiishi huku akisubiri kuanza kuishi. Nyumba ya kupita nayo hukanyagwa kwa miguu ya kweli, na miguu hiyo inastahili sakafu inayoibeba.