Usichomelee Ringi Hiyo

Kamachumu, Muleba

Mwanangu mpendwa,

Mama yako hajambo, nyonga imetulia. Kahawa inaiva na maganda tumeanza kuanika. Mengine utayasikia ukija.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya habari moja. Kijana wa bodaboda aliyerudi jana kutoka Bukoba anasema ringi ya nyuma ya lile Bedford ulilonunua ilikuwa na ufa, nawe umeichomelea na kuipaka rangi, na Jumamosi unalileta huku kubeba watu wa harusi. Kama ni kweli, lori hilo lisitoke hapo lilipo. Kama ni uongo, nijulishe upesi nipate usingizi.

Sikukatazi kufufua lori la zamani. Mabedford ndiyo yaliyoshusha kahawa yetu mlima wa Muhutwe hadi Kemondo, na mimi ni mmoja wa walioyaweka barabarani. Muulize mzee yeyote wa Kamachumu fundi alikuwa nani.

Lakini ringi za lori lile si kama za gari dogo. Ni vipande vipande, na vyote vinashikwa na pete ya kufungia, kile chuma kilichokatwa mahali pamoja kinachokaa kwenye mfereji wake. Ukijaza upepo 80, kila inchi ya mraba ndani ya tairi inasukumwa kwa paundi 80. Mfereji ukiliwa na kutu, au pete ikiwa ya ringi nyingine, siku moja itachomoka.

Mwaka 1982, msimu wa kahawa, vipuri vilikuwa haba na watu walifunga chochote walichookota. Tajiri mmoja, simtaji jina, alileta lori limejaa magunia, tairi ya nyuma imepasuka, na meli inamngoja Kemondo. Pete yake ilikuwa imepinda. Akatoa nyingine aliyoivua kwenye lori la aina tofauti. Nikamwambia haitakaa. Akajibu kwamba mafundi wa kijijini ni waoga, akamwamuru utingo wake ajaze upepo. Pete ikabaki imeinuka upande mmoja. Kijana akainama, akaigonga kwa nyundo huku upepo unaingia. Ulisikika mlio kama wa bunduki, na pete ikatoboa bati la ghala. Kijana yule alikuwa wa umri wako. Alipoteza jicho, na mkono wake wa kulia haukufanya kazi tena. Tajiri alihamishia magunia kwenye lori jingine jioni ileile. Aliyempeleka kijana hospitali ni mimi, kwa fedha yangu, na tajiri hakunirudishia hata senti mpaka anaingia kaburini.

Basi nisikilize. Kabla ya kulegeza nati hata moja, toa upepo wote, na kwenye tairi pacha toa wa zote mbili; kisha chomoa kipini cha ndani ya valvu. Sugua ringi kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, ukague mfereji wote. Yenye ufa haitengenezwi, inatupwa. Kuchomelea kunauficha ufa tu, na moto unakidhoofisha chuma. Tena mtu asichomelee kamwe ringi yenye tairi juu yake, hata isiyo na upepo, maana mpira ukipata moto hutoa gesi inayolipuka. Unapojaza, weka gurudumu ndani ya kizimba cha chuma, tumia mpira mrefu wa upepo wenye kibano, usimame mbali, pembeni. Pete isipokaa sawa, toa upepo wote uanze upya, nyundo isiiguse. Wamarekani waliiwekea kazi hii kanuni mwaka 1980, kwa kuwa hata kwao iliua watu.

Nasikia pia umeuziwa tairi za General zisizotumika. Nilizipenda sana zile, lakini kiwanda cha Arusha kilisimama mwaka 2009. Hizo unazoziita mpya zina zaidi ya miaka 15, na mpira huzeeka hata stoo. Soma namba nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zikiwa tatu tu, tairi ni ya kabla ya mwaka 2000.

Tairi pacha ziwe na kimo kimoja.

Mpira wa ndani na flepu nunua vipya.

Nati za upande wa utingo hufunguliwa kinyume. Usizilazimishe ukakata stadi.

Rangi isibaki chini ya nati, maana ikibanduka nati hulegea. Ukitembea kilomita 50, simama uzikaze tena.

Na hili la butura. Wanasema fedha ya rangi umeipata kwa kuuza kahawa ya kibanja cha marehemu baba yako ikiwa bado mtini. Kahawa ile inamlisha mama yako na wadogo zako. Hilo tutalizungumza mbele ya wazee.

Narudi kwenye ringi. Iliyochomelewa usiifunge, wala usimuuzie mtu. Ikate vipande iende chuma chakavu. Hapa ninazo mbili nzima za Bedford, kila moja na pete yake. Njoo kwa basi uzichukue, tuzikague pamoja, na kizimba ninacho. Hao watu wa harusi waambie leo hii, wapate muda wa kukodi gari jingine.

Ni mimi,
Baba yako mkubwa