Picha na Jina Lake

Kanga kamili ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yanayoandikwa chini ya mji. Pindo na mji huweza kupendeza mno, lakini mnunuzi makini husoma jina kwanza, kwa kuwa jina ndilo litakalosema kwa niaba yake atakapoivaa au atakapomtunza mwenziwe. Kanga mbili za rangi moja na ua moja huwa kanga mbili tofauti zikitofautiana jina. Desturi hii ya kutoiacha sura iende peke yake bila neno inafaa kukumbukwa katika zama zetu, ambapo picha hupigwa kwa simu, huvuka bahari kwa sekunde moja, na nyingi miongoni mwake husafiri bila jina lolote.

Yupo mama mmoja, mzaliwa wa Goma, anayeishi Schaerbeek, mojawapo ya manispaa 19 zinazounda mkoa wa Brussels. Kabla ya jua kuchomoza husafisha ofisi za watu asiowahi kuwaona, na akirudi nyumbani hukatiza Bustani ya Josaphat. Humo hupiga picha: korongo wa kijivu aliyesimama kando ya bwawa kama mlinzi wa zamu; bata wa Misri na vifaranga wake; punda wa bustani, mnyama ambaye Schaerbeek imemfanya nembo yake kwa kumbukumbu ya wakulima waliokuwa wakipeleka cheri sokoni Brussels. Akienda pwani ya Ostend hupiga picha ya makombe aliyookota mchangani. Zote huzituma katika kikundi cha familia cha WhatsApp, ambamo dada yake yuko Goma, kaka yake Nairobi, na wapwa wametawanyika kutoka Bukavu hadi Kampala.

Kwa muda mrefu picha hizo zilikwenda kimya na kujibiwa kimya. Yeye alituma ndege. Wao walirudisha alama ya moyo. Kisha siku moja mtoto wa dada yake, msichana wa miaka kumi na mmoja, aliona kundi la ndege wa kijani juu ya mti usio na majani, akaandika: “Mama mkubwa, hawa wanaitwa nani? Na walifikaje huko kwenye baridi?”

Swali hilo lilimpeleka kwa mzee mmoja wa bustanini, aliyezoea kukaa kwenye benchi akiwa na darubini shingoni. Akaelezwa kwamba wale ni kasuku wenye pete shingoni, ndege ambao asili yao ni ukanda wa Afrika ulio kusini mwa Sahara, kuanzia Senegal hadi Ethiopia, pamoja na Bara Hindi. Mwaka 1974 kasuku wapatao 40 waliachiliwa kutoka bustani ya burudani iliyokuwa Heysel, kaskazini mwa Brussels, ili jiji lipate rangi. Wakastahimili majira ya baridi, wakazaa katika mashimo ya miti mikubwa, na leo ni maelfu. Alipoyaandika hayo chini ya picha, kikundi kilichangamka kuliko siku zote. Kaka wa Nairobi alitaka kujua kama wanaharibu mahindi. Shangazi, aliyekuwa hajaandika neno kwa miezi, aliuliza kama wanaweza kufundishwa kusema, na kama ndiyo, je, watasema Kifaransa au Kiflemi?

Picha ilikuwa ile ile. Kilichozidi ni jina, mahali na tarehe, na vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyowapa wengine pa kushika.

Familia hii ina sababu yake ya kuvithamini. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na uji wa moto ukashuka hadi katikati ya Goma na kuingia Ziwa Kivu. Watu kwa malaki walikimbia, wengi wao wakivuka mpaka kuingia Gisenyi. Nyumba ya familia ilifunikwa, na ndani yake albamu ya baba. Picha moja tu ilisalimika, kwa sababu ilikuwa imeazimwa na jamaa wa Bukavu. Inaonyesha mtoto wa miaka minne au mitano amesimama kando ya ziwa, amemkumbatia ndege kanga kwa mikono miwili, ndege huyo mwenye madoa ambaye inasemekana ndiye aliyelipa vazi jina lake. Nyuma ya picha hakuna kilichoandikwa. Dada husema ni kaka yao wa kwanza, aliyefariki mdogo kabla ya wao kuzaliwa. Shangazi husema ni mtoto wa jirani. Baba, ambaye angeweza kukata shauri, hayupo tena. Kwa hiyo ndege anajulikana na mtoto hajulikani. Na kama ni kweli yule ni kaka yao, basi hiyo ndiyo sura yake pekee iliyobaki duniani, nayo haiwezi kuitwa yake.

Hali ya picha hiyo si ngeni katika historia ya Kongo na Ubelgiji. Katika picha nyingi za uwindaji wa enzi ya ukoloni, mzungu mwenye bunduki ametajwa kwa jina na cheo, mnyama aliyeuawa ametajwa kwa aina yake, na wanaume waliobeba mizigo wakaachwa wawe “wapagazi” tu. Kumbukumbu hizo hazikusahau majina; hazikuyauliza.

Ndiyo maana picha moja ya mwaka 1904 ina nguvu ya pekee. Mwezi Mei mwaka huo, katika misheni ya Baringa, Alice Seeley Harris alimpiga picha mwanamume aliyeketi barazani akitazama mguu na mkono wa mtoto wake, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo ilichapishwa, na picha za Harris zikaonyeshwa kwa taa ya ukutani katika mikutano mingi ya hadhara Uingereza na Marekani, zikawa sehemu ya shinikizo lililoishia kwa Leopold II kunyang’anywa Kongo mwaka 1908. Lakini pamoja na sura, Harris alihifadhi majina. Mwanamume yule aliitwa Nsala, wa kijiji cha Wala. Binti yake aliitwa Boali. Bila majina hayo, mtazamaji angeona msiba wa Waafrika kwa jumla, kitu cha kuhuzunikia na kupita. Kwa majina hayo anaona msiba wa Nsala, na hapo huulizwa nani aliufanya. Mwaka huo huo wa 1904, huyo Leopold akiwa bado mfalme, Bustani ya Josaphat ilifunguliwa rasmi kwa wakazi wa Schaerbeek.

Si mbali na bustani hiyo kuna uwanja mpana unaoitwa Friche Josaphat, uliokuwa zamani kituo cha kupangia mabehewa ya treni. Reli zilipong’olewa, majani yaliota, maji ya mvua yakatuama, na viumbe wakaja wenyewe: nyuki wa mwituni, kereng’ende, ndege wahamao wanaoshuka kupumzika. Mamlaka zilipanga kujenga hapo makazi na majengo ya biashara, na jiji lenye uhaba wa nyumba lina hoja nzito ya kufanya hivyo. Waliotaka uwanja ubaki walikuwa na simu na kamera. Kila mmoja alipakia picha zake katika hifadhidata ya umma, akitaja spishi, mahali na siku. Picha moja ya nyuki juu ya ua la manjano haimzuii mhandisi. Lakini mamia ya spishi yaliyoorodheshwa mwaka hadi mwaka, kila moja kwa jina na tarehe, yaliwalazimu wapangaji wajibu. Mabishano juu ya uwanja huo yalidumu miaka mingi, na hakuna upande uliodai kuwa pale hapana kitu. Ardhi iliyokuwa ikiitwa tupu ilikuwa imepata majina ya wakazi wake.

Hata hivyo wataalamu hao wa kutaja hujua pia kunyamaza. Mtu akiripoti kiota cha ndege adimu, hifadhidata nyingi huficha mahali halisi na kuonyesha eneo pana tu, maana si kila msomaji ni mwema. Wapo wezi wa mayai, na wapo wapenzi wa picha ambao kwa mapenzi yao hukanyaga kiota. Jina hutolewa, mahali huzuiwa.

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu. Kikundi cha familia kilinyamaza siku kadhaa. Kiliporejea, dada alituma picha moja: sufuria jikoni, na pembeni mikono ya mtu anayemenya ndizi. Hakuandika ni nyumba ya nani wala mtaa gani, na hakuna aliyemuuliza. Waliitambua mikono. Mama wa Schaerbeek, aliyekuwa amewazoesha wote kuandika jina, mahali na siku, aliwaandikia mstari mmoja: kwa sasa waandike siku tu. Ndipo ilipodhihirika kwamba maandishi yake chini ya picha hayakuwa pambo wala ukarani. Mwenye kujua thamani ya kutaja mahali ndiye ajuaye pia lini kutaja kunaweza kumdhuru mtu.

Majina yasiyoweza kuandikwa kwenye simu ameyahamishia kwenye kitambaa. Jioni, akiwa amepumzika, hudarizi. Huchagua picha moja ya mwezi, hushona umbo lake kwa nyuzi, na chini yake, pale ambapo kanga ingewekwa jina, hushona maneno: “Korongo, Josaphat, Machi.” “Kombe, Ostend, siku ya mvua.” “Mikono ya dada, Februari.” Ndege kanga na mtoto amewashona pia. Chini yao ameshona mstari mtupu wa uzi mweupe, wenye urefu wa jina moja. Shangazi alipoonyeshwa picha ya kazi hiyo alikaa kimya, kisha akasema atawauliza wazee wa upande wa mama, maana wako wawili wanaokumbuka.

Na yupo ndege mmoja ambaye hakuna picha yake katika kikundi chote. Ni teleka, ndege mweusi mwenye mbawa kama mundu, afikaye Brussels mwanzoni mwa Mei, akazaa katika nyufa za majengo ya kale ya Schaerbeek, na kuondoka kabla Agosti haijazama. Vifaa vidogo vilivyofungwa mgongoni mwa ndege hao vimewaonyesha watafiti kwamba wengi hutumia majira ya baridi ya Ulaya juu ya Bonde la Kongo, na kwamba nje ya msimu wa kuzaa huweza kukaa angani miezi kumi, wakila na kulala humo humo. Huyu angestahili picha kuliko kasuku wote, lakini huenda kasi. Simu yake hurudisha anga tupu na doa jeusi pembeni. Hivyo teleka wanapofika hutuma maneno bila picha, na kikundi kimejifunza kuyasoma kama picha: “Teleka. Schaerbeek. Tarehe 3 Mei. Tisa.”