Wikendi Dutumi: Picha ya Siku ya Kawaida

Foleni ya Kimara ilitushika asubuhi, na mimi na mume wangu tulikuwa tumenuniana tangu jana yake. Safari yenyewe haikuwa ya hoteli wala ufukweni. Tulikuwa tunakwenda Dutumi, wilayani Kibaha, upande wa kuelekea Kisarawe, kumsalimia shangazi yake.

Ukishapita Kibamba na Maili Moja, mji unaanza kupungua kidogo kidogo: nyumba ambazo hazijaezekwa, matofali yaliyopangwa, vibao vya viwanja vinavyouzwa. Mlandizi tukanunua mkate, sukari na majani ya chai, tukaiacha barabara ya Morogoro. Huko ndani ni mikorosho, miembe na magunia ya mkaa.

Shangazi alitupokea kwa muhogo wa nazi. Ukutani palikuwa na picha moja tu: marehemu mumewe, koti na tai, nyuma yake pazia la studio.

"Marehemu alikuwa mtanashati!" nikasema.

Shangazi akacheka. "Koti la mpiga picha hilo, mwanangu. Yeye alikuwa mtu wa singlendi na baiskeli yake. Wajukuu wanadhani babu yao alikuwa bosi." Kisha akanyamaza kidogo. "Nikitaka kumwona yeye hasa, nafumba macho."

Hapo nikakumbuka mchoro niliouona kitabuni, '61 Pontiac, wa Mmarekani Robert Bechtle. Aliuchora mwaka 1968 hadi 1969, na uko kwenye jumba la makumbusho la Whitney, New York. Mtindo wake unaitwa fotorealizimu: msanii anapiga picha, anaimulika kwenye turubai kwa projekta, anafuatisha mistari, halafu anapaka rangi kwa uvumilivu hadi udhani ni kazi ya kamera. Na jamaa alichora nini? Siyo harusi wala mheshimiwa. Ni yeye, mkewe na watoto wao wawili, wamesimama mbele ya gari la familia. Basi! Bechtle, aliyefariki mwaka 2020, alijulikana kwa kuchora mitaa ya kawaida ya California na magari yaliyoegeshwa nje ya nyumba.

Hata kwetu, marehemu Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alichora wanakijiji wakiwa kwenye shughuli zao za kila siku. Mtindo wake ulikuwa tofauti kabisa, lakini naye aliona kwamba siku ya kawaida inastahili rangi.

Mume wangu akatoa simu ampige shangazi picha. "Ngoja nikajifunge kanga mpya," akasema. Tulimpiga mbili: moja na kanga mpya, nyingine akiwa jikoni anapuliza moto, wala hana habari nasi. Alipoonyeshwa ile ya pili, aliishika simu muda mrefu. "Huyu ndiye mimi," akasema.

Njiani kurudi nikajiuliza: albamu yetu ya harusi ni nene kama tofali, je, tuna picha ngapi za Jumanne? Pancha ilipotupata, mume wangu akapiga magoti vumbini, shati limelowa jasho. Nikampiga picha. Akaniuliza kulikoni, nikacheka. Kununa kukaishia hapo.

Nanyi jaribuni wikendi hii. Mpige mwenzako picha akikuna nazi au akipiga pasi. Iko siku mtaitafuta.