Mama aliyeuliza bei

Kila mwaka ninapouliza wasichana wa darasa la sita wanataka kazi gani, wawili watatu wanajibu: kutangaza habari kwenye televisheni. Wanapenda nguo, nywele, na ile sauti isiyokwama. Siwalaumu. Lakini wamama wenzangu, mimi ninawapa habari ya mwandishi mmoja wa Tanzania ambaye wengi wetu hapa Buluo hatujamsikia: Mama Vicky Ntetema.

Mwaka 2008 alikuwa mkuu wa ofisi ya BBC kule Dar es Salaam. Wakati huo, upande wa Ziwa Viktoria, watu wenye ualbino walikuwa wanauawa na kukatwa viungo. Waganga waliwadanganya wachimbaji wa dhahabu na wavuvi kwamba dawa iliyochanganywa na viungo hivyo inaleta utajiri. Vifo vilitangazwa, wauzaji walikaa kimya majumbani mwao. Mama Ntetema angeweza kubaki ofisini na kusoma idadi ya waliokufa. Yeye akajifanya mfanyabiashara anayetafuta mali, akaenda kwa waganga mmoja baada ya mwingine, akauliza bei. Kuna waliomwahidi dawa hiyo. Bei ilianzia dola 2,000.

Hiyo bei ndiyo inayonikalia moyoni. Maskini hana dola 2,000. Basi anayenunua ni mtu ambaye tayari ana kitu, anataka kuongeza.

Alipotangaza aliyoyaona, akatishiwa kuuawa, ikabidi ajifiche. Mwaka 2010 alipewa tuzo ya ujasiri ya shirika la kimataifa la wanawake wa vyombo vya habari, IWMF. Aliacha BBC, akaenda kuongoza Under The Same Sun nchini Tanzania, shirika la kutetea watu wenye ualbino na kusomesha watoto wenye hali hiyo. Mwaka 2016 serikali ya Marekani nayo ikamtunuku kama mmoja wa wanawake jasiri wa dunia. Labda mtu atasema tulipoteza mwandishi mzuri. Mimi naona alifuata habari yake mpaka nyumbani kwa wenyewe.

Sisi tunaishi katika nchi ya migodi. Nani kati yetu hajasikia habari ya mchimbaji anayetafuta dawa ya kupata madini? Ndiyo maana nilishtuka mama mmoja aliponijia baada ya masomo, akisema kwa sauti ya chini kwamba anamwondoa mwanawe shuleni. Mtoto ana ualbino. Ndugu za mume walikuwa wanasema mama ndiye aliyeleta laana, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuamini.

Nilichukua maharagwe mekundu na meupe, nikayaweka mezani. Baba ana jekundu moja na jeupe moja. Mama vilevile. Jekundu linafunika jeupe, kwa hiyo ngozi zao ni nyeusi na hawajui kwamba wanabeba kitu. Kila mzazi anampa mtoto punje moja tu. Mtoto akipokea nyeupe mbili, anazaliwa na ualbino, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Baba ametoa moja, mama moja. Aliyageuza yale maharagwe mara nyingi, kisha akaomba ayachukue akamwonyeshe mume wake.

Mtoto alibaki. Anakaa benchi la mbele kwa sababu macho yake hayaoni mbali, nami naandika kwa herufi kubwa ubaoni. Jua linachoma ngozi yake na linaweza kumletea kansa, basi anavaa mikono mirefu. Sheria yetu ilikataza kofia uwanjani. Mkurugenzi alikubali kuibadilisha. Nyumbani anasindikizwa na wakubwa wawili wa mtaa wao.

Tarehe 13 Juni ni siku ya kimataifa ya watu wenye ualbino. Kabla ya hapo nataka tushone kofia kadhaa zenye ukingo mpana, unaofunika masikio na shingo. Mama mwenye mabaki ya kitambaa kizito aniletee shuleni. Vikwembe vyepesi vinapitisha jua.