Tairi la Bingwa na Milima ya Kwetu

Pengine nyumbani kwako yuko kijana ambaye siku hizi hana wimbo mwingine ila baiskeli za mashindano. Simlaumu. Mwaka wa 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi kwao na jezi ya kijani. Septemba 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kufika Afrika. Na kabla ya hayo, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na kunolewa ujanani na David Kinjah wa kule Kikuyu, alikuwa ameshinda Tour de France mara nne. Kijana akiyaona hayo, lazima damu imchemke.

Lakini siku atakapokujia akisema, "Baba, nataka matairi kama ya mabingwa," usitie mkono mfukoni kabla hujasikia kisa changu. Mimi niliutia haraka, na aliyelipa gharama hakuwa mimi.

Mimi ni mwalimu, na kwangu ni karibu na Keroka, upande wa Nyamira. Nilikua nikiijua baiskeli ya aina moja tu, Black Mamba. Baba yangu alikuwa na moja, nyeusi na nzito kama ng'ombe, na juu ya kareia yake ndizi zetu zilisafiri hadi soko la Daraja Mbili mjini Kisii. Matairi yake yalikuwa manene, na likitoboka moja, haukuwa msiba. Kila soko lilikuwa na fundi chini ya mti, na mbele yake karai la maji, msasa, chupa ya solushen na vipande vya tyubu kuukuu. Kabla hujamaliza kikombe cha chai, kiraka kimeshika na safari inaendelea.

Miaka ikapita, pikipiki zikachukua kazi ya baiskeli, nami nikasahau mambo ya viraka. Kisha mpwa wangu, mwana wa dada yangu wa Keumbu, akaingia chuo mjini Kisii. Kijana alikuwa na mapafu ya kupandia milima na alitaka kujaribu mashindano. Mjomba ni nani, msomaji, kama hawezi kumfurahisha mpwa wake? Nikashuka Nairobi, nikamnunulia baiskeli ya mitumba ya mbio, nyepesi hata ungeinyanyua kwa vidole viwili.

Muuzaji alipoona nakagua magurudumu, akasema, "Mwalimu, haya ndiyo matairi ya mabingwa." Neno hilo likaniingia kama asali. Sikuuliza swali lingine.

Acha nikueleze tairi lenyewe, maana huenda hujapata kuliona. Tairi la kawaida lina waya pembeni mwake, na waya huo hujishika ndani ya kingo za rimu. Tyubu hukaa ndani peke yake, nawe waweza kuitoa na kuirudisha. Tairi la mabingwa ni jingine kabisa. Tyubu yake nyembamba imefungiwa ndani ya kitambaa, kitambaa kimeshonwa kwa uzi upande wa chini, na juu ya mshono kumebandikwa utepe. Halina waya. Rimu yake nayo haina kingo za kulishika. Kinacholiweka tairi hapo ni upepo uliomo na gundi. Narudia, msomaji: ni gundi.

Miezi miwili ya kwanza kijana aliruka kama swala. Kila Jumamosi alipanda kutoka Keumbu hadi kwangu, akala ugali, akalala, na Jumapili akateremka kwao. Kisha Jumamosi moja akafika akiwa anaikokota baiskeli. Tairi la mbele lilikuwa limechomwa na mwiba wa kayaba. Unaijua miti ya kayaba inayozunguka maboma mengi ya kwetu. Watu wanapopunguza ua, miiba hubaki barabarani ikingoja mguu au tairi.

Tukampelekea fundi wangu wa Keroka, mzee aliyeziba panchari tangu mimi nikiwa mwanafunzi. Akalibandua tairi, akaligeuza, akaligeuza tena, akitafuta mahali pa kutolea tyubu. Mwishowe akaona mshono.

"Mwalimu," akaniuliza, "hili ni tairi au mpira wa miguu?"

Tulicheka sote. Lakini mzee hakuwa anacheza. Alifumua uzi taratibu, akaivuta tyubu nyembamba kama utumbo wa kuku, akaitia kiraka, kisha akashona kwa sindano na uzi wa kushonea viatu. Kazi ya dakika kumi ikamla saa mbili. Hata pampu yake ilikataa, kwa kuwa vali ya tairi lile ilikuwa ndefu na nyembamba. Bahati kijana alikuwa na pampu yake.

Ikabaki kulirudisha kwenye rimu. Mzee akasema, "Gundi ya kitu hiki mimi sina wala siijui. Ulizeni mlikolinunua." Huo ulikuwa ushauri wa mtu mzima. Nami, msomaji, nikaupuuza. Nikavuka barabara, nikanunua kopo la gundi ya viatu. Nikasema moyoni kwamba gundi inayoshika soli ya kiatu cha mwalimu anayetembea matopeni mwaka mzima haiwezi kushindwa na tairi. Tukapaka jioni ile kwa taa, tukalibandika, tukajaza upepo. Kijana akaniuliza, "Mjomba, itashika?" Nikamjibu, "Itashika."

Jumapili saa tano, jua likiwa kali, akaanza kuteremka kwenda Keumbu. Mbele yake kulikuwa na lori lililojaa mizigo, likijivuta, naye hakuweza kulipita. Basi akashika breki njia nzima. Breki za baiskeli ile huminya rimu yenyewe, na rimu inayominywa mteremko mzima hupata moto. Gundi yangu ikalainika. Kwenye kona tairi la mbele likachomoka, rimu tupu ikagusa lami, na kijana akarushwa. Matatu iliyokuwa nyuma yake ilisimama ikiwa imebakisha hatua chache tu.

Alivunjika mtulinga, ule mfupa wa begani, na akachubuka uso upande mmoja. Tulikaa hospitalini hadi usiku. Dada yangu alifika na shuka lake begani, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu, kisha akanigeukia. Hakupaza sauti. Alisema, "Kaka, nilikupa mtoto mzima."

Niliuza ndama kulipa gharama. Lakini neno lile halikuwa na bei.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza niliyopaswa kuyajua kabla. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Nilisoma, nikauliza waendeshaji wa Nairobi, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tairi la gundi si tairi baya. Pamoja na rimu yake ni jepesi kuliko lile la waya, na mlimani kila gramu ina uzito wake. Ukigonga shimo, tyubu yake si rahisi kubanwa na ukingo wa rimu ikatoboka. Na likiishiwa upepo ghafla, kama limegundishwa vyema, hubaki mahali pake ukaweza kusimama salama. Kwa sababu hizo lilitawala mashindano makubwa kwa muda mrefu, hadi timu nyingi zilipohamia matairi yasiyo na tyubu, hasa katika miaka hii ya 2020.

Ila lina masharti. Kwanza livutwe juu ya rimu kavu na kuachwa siku nzima ili linyooke. Kisha rimu isafishwe na kupakwa gundi yake maalumu, tabaka nyembamba, ikauke, na tabaka lingine. Tairi nalo lipakwe. Baada ya kulibandika, lijazwe upepo na kuachwa saa 24 bila kuendeshwa. Na kila kabla ya safari, lisukume kwa dole gumba: likijitenga na rimu hata kidogo, usipande. Mimi nilifanya kazi hiyo kwa jioni moja na gundi ya viatu.

Hata mabingwa halijawaacha salama. Julai 2003, katika Tour de France, Joseba Beloki wa Uhispania alikuwa akiteremka kuelekea mji wa Gap siku ya joto kali lililoyeyusha lami. Gurudumu la nyuma likateleza, tairi likachomoka, naye akavunjika paja, kiwiko na kifundo cha mkono.

Lakini kisa kilichonigusa zaidi ni cha zamani. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo, alitengeneza tairi lake la upepo kule Belfast mwishoni mwa miaka ya 1880 kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Matairi ya kwanza ya jinsi hiyo yaligundishwa kwenye rimu. Siku moja mwendeshaji mwenye tairi kama hilo alifika katika karakana ya ndugu Michelin, mjini Clermont-Ferrand, Ufaransa, akiwa na panchari. Kulibandua na kuliziba kulichukua saa tatu, na gundi ikahitaji usiku mzima kukauka. Ndugu hao wakaona hiyo si kazi ya kumfanyia msafiri, na mwaka wa 1891 wakatoa tairi linalovuliwa na kuvalishwa bila gundi. Mwaka huohuo Charles Terront alilitumia kushinda mbio za Paris hadi Brest na kurudi Paris, kilomita zipatazo 1,200. Nilipokisoma kisa hicho nilimkumbuka mzee wangu wa Keroka na sindano yake. Taabu yake ilijulikana zaidi ya miaka mia moja kabla yangu, na dawa ikapatikana. Mimi nilikuwa nimelipa ili kuirudisha taabu.

Baada ya miezi mitatu bega likapona, na kijana akataka kupanda tena. Mama yake akakataa. Nikaenda Keumbu kusuluhisha. Na hapa, msomaji, nikiri kosa la pili: nilikwenda kuyatetea matairi yaleyale. Nilitaka kuagiza gundi halisi kutoka Nairobi na kuonyesha kwamba sasa najua. Nikaeleza tabaka, saa 24 na dole gumba, kama niko mbele ya darasa.

Dada yangu, ambaye maisha yake yote ameuza ndizi na hajawahi kukalia kiti cha baiskeli, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Likitoboka Ikonge saa kumi na mbili jioni, na mvua inanyesha, nani atalishona?"

Nikanyamaza. Kijana naye akanyamaza. Mabingwa wana gari nyuma yao lenye magurudumu ya akiba na fundi tayari. Mpwa wangu ana mimi, na mimi niko Keroka.

Swali hilo moja ndilo lililochagua matairi. Tulitafuta magurudumu ya rimu za kawaida na matairi ya waya ya upana wa milimita 28, wala si yale membamba ya 23 tuliyokuwa nayo. Tairi pana kidogo huhitaji upepo mchache, hushika vyema lami iliyolowa, na kwetu mvua ya alasiri haiombi ruhusa. Mifereji ikimwaga changarawe barabarani, tairi pana hulivumilia jambo hilo kuliko jembamba. Tulichagua yenye utando mgumu chini ya mpira wa kukanyagia, kwa ajili ya kayaba. Ni mazito zaidi, naam, na mlima wa Keroka unamjulisha hivyo. Lakini ana tyubu mbili za akiba, viraka, na pampu inayoingia kwenye vali yake. Siku aliyotobokewa mara ya kwanza, alijiziba mwenyewe kando ya njia akafika kwa mama yake kabla ya giza.

Basi, mzazi mwenzangu, nawe mwanafunzi unayeweka akiba ya senti, usiulize kwanza bingwa anatumia nini. Uliza barabara yako ikoje, mvua yako inanyesha saa ngapi, breki zako zinaminya wapi, na fundi aliye karibu nawe anajua kuziba nini. Ukitaka matairi ya gundi kwa siku ya mashindano tu, na unaye mtu aliyejifunza kuyabandika na gari la kukufuata, yachukue bila hofu. Kwa safari ya kwenda na kurudi nyumbani, chukua tairi unaloweza kulitengeneza mwenyewe.

Yale matairi ya mabingwa bado ninayo, yamening'inia kwenye msumari sebuleni. Wageni huniuliza ni ya nini. Dada yangu akija, huyatazama, kisha hunitazama mimi, nami huenda kumletea chai.