Niiboreshe baiskeli au nilipe kodi?

Leo siandiki mambo ya Bunge wala bei ya mafuta. Naandika habari za baiskeli, maana ndiyo inayoninyima usingizi wiki hii.

Ni mwezi wa tano sasa tangu nianze kuendesha baiskeli ya mashindano, zile zenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Yangu ni mtumba, fremu ya alumini, gia za Shimano Sora, tisa nyuma na mbili mbele. Niliinunua laki nane. Kila Jumamosi alfajiri tunapandisha Pugu hadi Kisarawe, na kila Jumamosi naulizwa lile lile: "Kaka, hilo chuma utalibadilisha lini?" Tangu mashindano ya dunia yafanyike Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na Tadej Pogačar akaondoka na ubingwa, kila mtu kawa mtaalamu wa kaboni.

Nami nina milioni moja na nusu nimeiweka pembeni. Bahati mbaya mwenye nyumba naye ana hesabu zake: mwezi ujao anataka kodi ya miezi sita. Nikizigusa hizi hela, itabidi nikope ofisini.

Basi, kwa kuwa kazi yangu ni kuhoji, nikaamua kuihoji baiskeli yenyewe.

Tuanze na uzito. Yangu ina kilo 10 na nusu. Ya kaboni niliyoonyeshwa ina kilo 8. Mimi nina kilo 70. Ukijumlisha mtu na chombo chake, napunguza kilo mbili na nusu kati ya 80 na nusu, yaani asilimia 3 hivi. Kwenye mlima wa dakika 10, hizo ni sekunde zisizofika 20. Kwenye tambarare faida inazidi kuyeyuka, maana kule adui ni upepo, na kinachougonga upepo zaidi ni mwili wako, si fremu. Kukunja viwiko na kuinama ni bure. Isitoshe, hata huyo Pogačar haruhusiwi kushindana na baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8. Hiyo ni sheria ya chama cha dunia, UCI.

Haya, gia je? Wengi wanadhani kutoka gia 9 kwenda 11 ni kufunga kitu kimoja tu. Thubutu! Utabadilisha vishikio vya kubadilishia gia, kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni, meno na cheni yenyewe. Kisha fundi atakwambia kwamba habu ya ringi yako ya zamani haipokei meno mengi ya gia 11, kwa hiyo ringi nayo ibadilishwe. Kila unachokigusa kinamwita ndugu yake. Na mlimani haikusaidii idadi ya gia, inakusaidia ile nyepesi kuliko zote. Meno makubwa zaidi ya nyuma, yanayokubaliana na mfumo ulionao, yanatosha kuyaokoa magoti.

Kule Pugu tunapishana na wabeba mkaa. Baiskeli zao ni Phoenix, gia moja, karibu kilo 20 kabla ya gunia. Wanashusha mzigo mjini, wanarudi kupanda. Sisemi hivi ili kuusifia umaskini. Mpe mmoja wao gia leo, atazipokea kwa mikono miwili, na ana haki nazo kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba mapafu yao hayakununuliwa dukani.

Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alipokuwa kijana alifundwa na David Kinjah kule Kikuyu. Baadaye akashinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Alichopata Kikuyu kwanza ni mwalimu na wenzake wa kuendesha nao.

Je, kuna wakati wa kuboresha? Upo. Kama fremu haiendani na mwili wako, usifunge kitu kipya juu yake: iuze. Kama unashindana na unapitwa kwa sekunde, sekunde 20 ni mali. Na vinavyochakaa vibadilishwe bila mjadala. Pima cheni: pini 24 zikihesabiwa kutoka pini ya kuanzia, iwe milimita 305 hivi; ikifika 307 itupe, kabla haijala meno yote.

Kwa hiyo nimeamua. Nanunua tairi mbili nzuri za milimita 28, kwa kuwa fremu yangu ina nafasi, mpira mpya wa breki na taa ya nyuma, kwa sababu malori ya Barabara ya Nyerere hayaulizi fremu yako ni ya nini. Kinachobaki ni cha mwenye nyumba, na pengo nitalijaza kwa mshahara wa mwezi huu. Swali la kaboni nitalifungua tena nikishamaliza mwaka mzima bila kukosa Jumamosi.

Wenzangu wataendelea kucheka, na waache wacheke. Wewe mwenzangu mwenye mshahara kama wangu, ungeamuaje?